Mazoezi ya Mwili na Saratani ya Tezi Dume kwa Wanaume Wazee

SOMO LA AFYA



Mikutano ya afya vijijini ikimalizika, mara nyingi hubaki mzee mmoja au wawili wakimsubiri muuguzi. Watu wakishatawanyika, mmoja husogea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Haya maradhi ya tezi, mtu anaweza kujikinga nayo?" Swali hilo ni zuri, na halifai kuulizwa kwa kunong'ona. Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wengi zaidi hapa Kenya, na wengi wao hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasambaa mwilini.

Somo hili linajibu sehemu moja ya swali hilo. Je, mazoezi ya mwili yanamsaidiaje mwanamume mzee dhidi ya saratani hii? Jibu lina pande mbili. Mazoezi hayajaonyesha kwamba yanamzuia mtu asiipate kabisa. Lakini kuna ushahidi mzuri kwamba mzee anayeushughulisha mwili wake huwa na uwezekano mdogo wa kupata ile saratani kali inayoua, na kwamba aliyekwisha kuugua huishi muda mrefu zaidi akiendelea kutembea. Soma taratibu, kisha umsomee na mwenzako.

1. TEZI DUME NI NINI?

Tezi dume, ambayo wengine huiita tezi kibofu, ni kiungo kilicho kwa wanaume pekee. Kwa kijana ina ukubwa wa karibu ndimu ndogo. Iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume.

Mwanamume akizeeka, tezi hii hukua. Kwa wengi kukua huko ni kwa kawaida na si saratani. Tezi iliyokua hubana mrija, na hapo mzee huanza kuamka usiku mara nyingi, mkojo hutoka kwa udhaifu au hukatikakatika.

Saratani yenyewe mara nyingi huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija. Ndiyo maana mwanzoni haileti dalili yoyote. Hapa kuna mambo mawili ya kukumbuka. Mzee anayesumbuliwa na mkojo asikate tamaa akidhani tayari ana saratani. Na mzee asiyesumbuliwa na chochote asijihesabu kuwa yuko salama.

Pia ni muhimu kujua kwamba saratani za tezi dume hazilingani kwa ukali. Nyingine hukua polepole sana, na mzee anaweza kuishi nayo miaka mingi hadi akafariki kwa ugonjwa mwingine. Nyingine ni kali: hutoka ndani ya tezi na kuingia kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo, nyonga na mbavu. Hiyo ya pili ndiyo inayotuachia wajane na mayatima.

Yapo mambo yanayoongeza hatari ambayo hatuwezi kuyabadilisha. La kwanza ni umri. La pili ni ukoo: ambaye baba yake au ndugu yake wa kiume aliugua, naye yuko katika hatari kubwa zaidi. La tatu ni asili yetu. Nchini Uingereza, ambako hesabu hizi hufuatiliwa kwa karibu, mwanamume 1 kati ya 8 hupata saratani hii maishani mwake; kwa wanaume weusi ni 1 kati ya 4. Kwa kuwa hayo hatuwezi kuyabadilisha, tuyashike yale tunayoyaweza.

2. UTAFITI UNASEMA NINI?

Mwaka 1986, watafiti nchini Marekani walianza kuwafuatilia wanaume wanaofanya kazi za afya: madaktari wa meno, wafamasia, madaktari wa wanyama na wengineo. Walikuwa na umri wa miaka 40 hadi 75. Kila baada ya miaka miwili walijaza fomu kueleza wanavyoishi, ikiwemo muda wanaotumia kwa wiki kutembea, kukimbia, kuendesha baiskeli, kuogelea na michezo mingine.

Mwaka 2005 matokeo ya wanaume 47,620 kati yao, waliofuatiliwa kwa miaka 14, yalichapishwa. Katika muda huo wanaume 2,892 walikuwa wamepata saratani ya tezi dume. Kati yao, 482 walikuwa na saratani iliyofikia hatua ya juu, na 280 kati ya hao walifariki.

Watafiti walipotazama saratani zote kwa jumla, kali na pole pamoja, hawakuona tofauti kati ya waliofanya mazoezi na wasiofanya. Lakini walipotazama saratani za hatua ya juu pekee, na kuwatenga wanaume wa miaka 65 na zaidi, tofauti ilikuwa kubwa. Wazee waliofanya mazoezi mazito zaidi, kwa kiasi cha saa 3 au zaidi kwa wiki, walikuwa na uwezekano wa kupata saratani hiyo uliopungua kwa karibu theluthi mbili, wakilinganishwa na wazee wasiofanya mazoezi mazito kabisa. Uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo ulipungua kwa karibu robo tatu.

Tulieleze hilo kwa lugha ya nyumbani. Chukua makundi mawili ya wazee, yenye idadi sawa ya watu. Moja halifanyi mazoezi mazito, jingine linafanya kwa wingi. Kwa kila wazee 3 wanaopata saratani ya hatua ya juu katika kundi la kwanza, kundi la pili lina mzee 1. Kwa kila 4 wanaokufa kwa saratani hiyo katika kundi la kwanza, kundi la pili lina 1.

Kwa wanaume walio chini ya miaka 65, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo mzee asiseme, "Mimi nimeshachelewa, mazoezi ni ya vijana." Katika utafiti huu, wazee ndio waliopata faida.

3. NA ALIYEKWISHA KUUGUA JE?

Watafiti hao hao waliwafuatilia wanaume 2,705 waliokuwa wamegunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Waliotembea dakika 90 au zaidi kwa wiki, kwa mwendo wa kawaida hadi wa haraka, walikuwa na uwezekano wa kufa kwa sababu yoyote uliopungua kwa asilimia 46, kuliko waliotembea kwa muda mfupi zaidi na kwa mwendo wa pole. Waliofanya mazoezi mazito saa 3 au zaidi kwa wiki, uwezekano wao wa kufa kwa saratani yenyewe ulipungua kwa asilimia 61, wakilinganishwa na waliofanya chini ya saa 1.

Mwaka huo huo utafiti mwingine wa Marekani, uliohusu wanaume 1,455 ambao saratani yao ilikuwa bado haijatoka nje ya tezi, ulionyesha kwamba waliotembea haraka saa 3 au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano wa ugonjwa kuendelea mbele uliopungua kwa asilimia 57, kuliko waliotembea polepole na kwa muda mfupi. Hapa mwendo ndio uliotofautisha. Kutembea kwa kujikokota hakukuleta faida hiyo.

Mazoezi pia humsaidia mgonjwa kuyastahimili matibabu. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, kwa hiyo wagonjwa wengi hupewa dawa za kuipunguza. Dawa hizo huzuia saratani, lakini hupunguza misuli, hudhoofisha mifupa, huongeza mafuta mwilini na huleta uchovu. Nchini Australia, wanaume 57 waliokuwa katika tiba hiyo waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi lililofanya mazoezi ya kuinua uzani na ya kuchangamsha moyo liliongeza misuli na nguvu, kuliko kundi lililoendelea na matibabu pekee.

4. TUYAPOKEE MATOKEO HAYA KWA BUSARA

Mtu mwaminifu akikupa habari njema hukuonyesha pia mipaka yake.

Kwanza, katika tafiti hizi za kufuatilia watu, huenda baadhi ya waliopunguza mazoezi walifanya hivyo kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshaanza kuwalemea kimyakimya. Watafiti walijitahidi kuliondoa jambo hilo katika hesabu zao, lakini si rahisi kuliondoa lote.

Pili, wanaume wale walikuwa Wamarekani wenye elimu ya afya, na wengi wao walikuwa wazungu. Maisha yao si ya mkulima wala mvuvi wetu.

Tatu, wako watu wanaofanya mazoezi kila siku na bado wanaugua. Mazoezi hupunguza uwezekano, hayatoi hakikisho.

Hata hivyo, kama faida hii ingekuwa ndogo kuliko inavyoonekana, mzee anayetembea hapotezi kitu. Mazoezi yanajulikana wazi kupunguza shinikizo la damu, kisukari, kiharusi na ugonjwa wa moyo, na wagonjwa wengi wa saratani ya tezi dume hufariki kwa ugonjwa wa moyo, si kwa saratani.

5. KWA NINI MAZOEZI YASAIDIE?

Wataalamu wanaeleza hivi. Mwili unaokaa tu hujaza mafuta, hasa tumboni, na kiwango cha insulini katika damu hupanda. Insulini nyingi na homoni zinazoandamana nayo huzihimiza chembe za mwili kukua, zikiwemo za saratani. Misuli inapofanya kazi hutumia sukari, insulini hushuka, na ule uvimbe mdogo wa ndani unaoandamana na unene hupungua. Tunajua pia kwamba unene wa kupita kiasi huambatana na hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume ya hatua ya juu. Inaelekea basi kwamba mazoezi hayazuii mbegu ya ugonjwa isiote, bali huinyima rutuba ya kustawi.

6. "MIMI NI MKULIMA, NIHITAJI MAZOEZI YA NINI?"

Hili ni swali la haki. Kulima kwa jembe, kuchota maji, kupasua kuni na kuvuta nyavu ni mazoezi kamili. Mwili haujui kama jasho limetoka shambani au uwanjani.

Lakini tujiulize kwa ukweli: ni nani anayeshika jembe sasa? Wazee wengi waliovuka miaka 65 wamewaachia vijana kazi nzito, au wanaajiri vibarua. Kazi ya shamba nayo ina msimu. Mvua zikiisha, miezi hupita bila jasho. Na safari tulizozifanya kwa miguu, kwenda sokoni, msikitini, kanisani au kwa chifu, leo tunazifanya kwa bodaboda. Asubuhi ni kiti, mchana ni bao au redio, jioni ni kiti tena. Mzee anajiona mkulima, lakini mwili wake umestaafu.

Kaa siku 7, uandike kila siku dakika ulizotembea au kufanya kazi hadi pumzi ikaenda mbio. Jumlisha. Hesabu hiyo itakuambia ukweli wako.

7. KIASI GANI, NA UANZIE WAPI?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima, wazee wakiwemo, wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazito dakika 75 hadi 150. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku, siku 5. Linashauri pia mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, na kwa waliofika miaka 65, mazoezi ya kusimama imara siku 3 au zaidi ili wasianguke.

Utajuaje kama ni ya wastani au mazito? Tumia sauti yako. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hayo ni ya wastani. Ukiweza kusema maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, hayo ni mazito.

Mpango wa kuanzia:

Wiki ya 1 na 2: Tembea dakika 10 kila siku, asubuhi kabla jua halijawa kali au jioni.

Wiki ya 3 na 4: Tembea dakika 20. Katikati, tembea dakika 5 kwa haraka, kama mtu anayeogopa kuachwa na matatu.

Wiki ya 5 na 6: Tembea dakika 30, siku 5 kwa wiki. Dakika 10 kati ya hizo ziwe za haraka.

Kuanzia wiki ya 7: Ongeza mwendo wa haraka kidogo kidogo. Aliyezoea, na ambaye daktari hajamkataza, aongeze kilima, baiskeli au jembe.

Mara 2 kwa wiki, ongeza haya nyumbani:

- Inuka kwenye kiti na kuketi tena bila kushika kwa mikono, mara 10. Pumzika, rudia.
- Simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, jisukume mbele na nyuma, mara 10.
- Beba dumu la lita 5 lenye maji kila mkono, zunguka uani.

Mara 3 kwa wiki, simama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta, uhesabu hadi 10, kisha ubadilishe mguu.

Wazee wawili au watatu wakikubaliana kutembea pamoja kila jioni, hakuna atakayeona uvivu peke yake. Bao litawasubiri.

8. TAHADHARI

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo apimwe na kupata ushauri kabla ya kuanza mazoezi mazito. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kukupima shinikizo ukiwa nyumbani. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, acha mara moja na uende kituo cha afya.

Mgonjwa ambaye saratani yake imefika kwenye mifupa asiinue mizigo mizito bila kumwuliza daktari, kwa sababu mfupa uliodhoofika huvunjika kwa urahisi. Na yeyote mwenye maumivu ya mgongo yanayoandamana na miguu kulegea, au ambaye mkojo umekataa kabisa kutoka, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

9. MAZOEZI HAYACHUKUI NAFASI YA KIPIMO

Usitoke katika somo hili ukisema, "Mimi natembea, sihitaji kupimwa." Kwa kuwa mazoezi hayazuii saratani kuanza, ni kipimo pekee kitakachokuambia kama ipo. Wataalamu wengi wanashauri mwanamume azungumze na daktari kuhusu kupimwa akifika miaka 50, na mapema zaidi, miaka 40 hadi 45, ikiwa baba au ndugu yake aliugua.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho PSA. Daktari anaweza pia kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, jambo la muda mfupi tu. PSA ikiwa juu si lazima iwe saratani. Tezi iliyokua au yenye maambukizi huipandisha pia. Mazoezi mazito, hasa baiskeli, pamoja na tendo la ndoa, yanaweza kuipandisha kwa muda, kwa hiyo jiepushe nayo kwa saa 48 kabla ya kutolewa damu. Kutembea kwa kawaida hakuna neno.

Wengi wetu hukwama kwa aibu. Mwaka 2001 Mzee Nelson Mandela wa Afrika Kusini aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, na habari hiyo haikufichwa. Alipata tiba ya mionzi, akaishi miaka 12 zaidi, na akafariki mwaka 2013 kwa ugonjwa mwingine akiwa na miaka 95. Heshima yake haikupungua. Wahenga walituambia: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Zamani mgonjwa wa saratani alilazimika kusafiri hadi Nairobi. Leo matibabu yanapatikana pia Mombasa, Eldoret, Nakuru na Garissa. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, nao watakupa rufaa ikihitajika. Kama hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), bonyeza *147# kwenye simu yako au mwombe mhudumu wa afya ya jamii akusaidie. Fanya hivyo ukiwa mzima.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini mzee asiyekuwa na shida ya mkojo naye anahitaji kupimwa?
2. Katika utafiti wa mwaka 2005, ni saratani ipi ilionekana kupungua kwa wazee waliofanya mazoezi, na ni ipi haikupungua?
3. Wiki iliyopita ulitembea kwa haraka dakika ngapi? Ni safari gani ya bodaboda unayoweza kuifanya kwa miguu?
4. Katika ukoo wenu, kuna aliyeugua tezi dume? Vijana wenu wa kiume wanajua?

Swali la 4 ndilo gumu zaidi, kwa sababu baba wengi walilala kaburini na jibu lake. Mzee, mwambie mwanao. Kisha vaa viatu, mwambie mwenzako, mtoke mtembee.